Managu ya Pasaka

Rivka, Myahudi aliyekuja Mitunguu kufundisha kilimo cha maji ya mifereji, alikuwa mpangaji wa Mama Kawira. Asubuhi moja alikataa chapati.

"Ni Pasaka yetu, mama. Babu zetu walitoka Misri mbio, unga haujaumuka. Wiki hii chapati za kawaida hatuli, maana unga wake hukandwa ukaachwa. Leo usiku tunakula pia mboga chungu, tukumbuke utumwa."

Mama Kawira alinunua sufuria mpya isiyowahi kuguswa na unga, akapika ndizi na managu, mboga chungu ya shambani.

Usiku Rivka alionja, machozi yakamtoka.

"Imezidi uchungu?"

"Hapana. Nimemkumbuka mama yangu."

Wiki nzima alichimba mitaro juani bila kuonja mkate. Mama Kawira akawaambia wenzake kanisani, "Yule anashika neno kweli."