Ng'ombe Walishaambiwa

Walipotoka kumzika mumewe Heinrich, Gesine hakuingia ndani kula keki na wageni. Alikwenda bandani na nguo zake za msiba, kama walivyofanya watu wa kwao Westfalia mwenye shamba akifa, akawashika ng'ombe pembe mmoja mmoja, akiwaambia, "Bwana wenu amefariki. Sasa mtanisikiliza mimi."

Shemeji yake Eberhard alimfuata huko. "Shemeji, shamba kubwa hivi hapa Iowa utaliweza wapi peke yako? Uza, uje ukae kwetu."

Gesine alivuta kigoda na ndoo, akaanza kukamua. "Umechelewa. Hawa nimeshawaambia. Unataka nigeuke niwaambie nilikuwa natania?"

Miaka mingi baadaye, Gesine alipofariki, binti yake Mathilde alikwenda bandani kabla hata hajamwita padri.