Mtakatifu Antoni Kichwa Chini

Mjinga siku ile nilikuwa mimi. Nasema mapema msije mkahangaika kumtafuta.

Tulikuwa walimu wa historia thelathini na kitu, hapa Laredo, kusini mwa Marekani, kwenye semina ya siku mbili kuhusu askari wa kwetu, wale wenye majina ya Kihispania kama yangu, waliopigana vita vya Marekani, vita baada ya vita, wakaambulia mistari minne kwenye kitabu cha wanafunzi. Mwezeshaji, Bi Treviño, alitaka kila mwalimu alete kitu cha askari wa ukoo wake na, ikiwezekana, aje na mwenye nacho. Nikamleta shangazi Herminia, miaka themanini na minne, na picha ya kaka yake Eleuterio, aliyepotea vitani Korea mwaka 1950 na mwili wake haujaonekana hadi leo.

Nilimbembeleza wiki tatu. Picha ile haikuwahi kutoka kwenye altare, meza ndogo ya sala, sebuleni kwake. Alikubali kwa sharti kwamba sanamu yake ya Mtakatifu Antoni ije pia, vilevile ilivyo: ndani ya glasi, kichwa chini, miguu juu.

Kwetu, msichana anayetafuta mchumba humpindua Antoni na hamsimamishi mpaka mchumba apatikane. Shangazi hakuolewa. Tangu utotoni nilikula kwake kila Jumapili nikimtazama mtakatifu yule aliyepinduliwa, nikajiona ninajua kila kitu.

Zamu yangu ilipofika niliweka picha mezani, na glasi kando yake. Watu wakatabasamu. Nami nikiona mtu anatabasamu, mdomo haunitii.

"Msishangae," nikasema. "Shangazi bado anasubiri mume. Mwenye babu mjane anione wakati wa kahawa, maana mtakatifu huyu damu imeshamjaa kichwani."

Ukumbi ukacheka. Mwalimu Ochoa alipiga meza. Shangazi alikuwa anakunja leso yake, anaikunjua, anaikunja tena.

"Bibi Herminia," Bi Treviño akauliza taratibu, "kwa nini umempindua?"

"Wachumba walikuja wawili, nikawarudisha," shangazi akasema. "Huyu hutafuta pia waliopotea; nilimpindua siku jeshi lilipoleta simu ya maandishi kwamba kaka haonekani. Nilimwambia, nionyeshe Eleuterio alipo, hata mfupa mmoja, nami nitakusimamisha."

Nilitamani angenipiga kofi mbele ya wote, yaishe.

Wakati wa kahawa nilimkuta anaifunga picha ndani ya leso. Kesho yake Bi Treviño alipanga kumrekodi, ili wanafunzi wamsikie. Mwingine anayemkumbuka Eleuterio akiwa hai hakuwepo.

"Shangazi, nisamehe. Usiondoke."

"Kunywa kahawa yako, Rogelio."

"Lakini na wewe ungeniambia. Hata baba hakusema."

"Baba yako wakati ule alikuwa na miaka mitatu."

"Basi nirudi mbele niwaeleze vizuri. Mimi ni mwalimu wa historia, shangazi. Kazi yangu ni kuhakikisha watu kama Eleuterio hawasahauliki."

Akaitia picha mkobani, akaibeba ile glasi kwa mikono miwili, mtakatifu bado kichwa chini.

"Kazi yako ni kuuliza," akasema. "Miaka arobaini unakula mezani kwangu, na leo aliyeniuliza ni mwanamke nisiyemjua. Kesho nitaongea na yeye. Wewe utaendesha gari."