Mtandao wa Nyumba ya Fundi Saa

Fundi saa alikuwa akizisikia saa kwa vidole. Masikio yalikwisha kumsaliti, lakini ukimpa saa akaibana kwenye kiganja, atakuambia inakwenda au imelala. Tatizo ni kwamba mke si saa. Siku mkewe alipoanguka kutoka kitandani, alimwita kwa sauti ile ya kunong'ona ambayo ugonjwa ulimwachia, na mumewe alikuwa chumba cha mbele, kinachotazama barabara, lenzi jichoni, hana habari. Alimkuta sakafuni alipompelekea chai.

Binti yao, nesi katika mji mwingine, alikuja mbio na hakuzunguka maneno.

"Baba, Mama atahamia kwangu."

"Na mimi?"

"Wewe una wateja."

Tangu waoane hawajawahi kulala nyumba mbili, ila ile miezi ya hospitali, nayo ilimkondesha yeye kuliko mgonjwa.

"Nipe nafasi mpaka utakapokuja tena," akasema. "Masikio yameondoka, macho bado ninayo. Nitaweka kitu, Mama yako akibonyeza, mimi nione."

"Kitu gani?"

"Mtandao."

Binti akamtazama kama anayempima homa. "Haya, Baba. Lakini nikija na usifanye kazi, naondoka naye."

Ofisi moja ya jirani ilikuwa imemgawia kompyuta zake kuukuu, ikisema hazibebi tena programu za kisasa. Mzee hakuwa mtu wa kuzika kitu ambacho bado kinawaka. Alifuta yote yaliyokuwamo akaweka Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, ambao watu waliutunga wakauacha wazi ili yeyote autumie, aufungue, aurekebishe. Hilo lilimgusa sana. Yeye mwenyewe hakuwahi kuiamini saa ambayo kifuniko chake hakifunguki.

Kompyuta moja akaiweka kwenye meza yake ya kazi. Nyingine kando ya kitanda cha mkewe. Ya tatu ikakaa juu ya kabati la sebuleni, katikati ya vyumba hivyo viwili, kama karani wa posta: ipokee ujumbe huku, iupeleke kule. Alitoboa kuta, akapitisha waya, akaipa kila mashine namba yake ili zitambuane. Mkewe akigusa kitufe chochote, kioo cha mezani kwa mzee kigeuke chekundu chote, na herufi nene: NJOO.

Zilipokuwa pamoja mezani, zilielewana kama mapacha. Alipozitawanya, balaa likaanza.

Aliiwasha ya sebuleni, akaingia kwa mkewe, akakaa ukingoni mwa kitanda na kupima. Ikajibu vizuri. Akarudi mezani kwake kungoja: kioo kimya, hakuna mawasiliano. Akaenda sebuleni, akakuta mashine imelala fofofo. Akaiwasha, akakaa tena na mkewe, ikajibu. Akaondoka, ikafa.

"Labda panya, Mama Nesi," alisema, macho kwenye midomo ya mkewe, maana karibu hivyo aliweza kumsoma. Jina hilo walipewa na majirani tangu binti avae sare ya unesi.

"Panya gani huyo, Baba Nesi, anazima mashine na hali waya?"

Akabadilisha waya. Akaupakia mfumo upya. Mwishowe akaileta mashine yenyewe chumbani, akaifungua juu ya mapaja yake, mkewe akitazama kwa mto mgongoni.

"Na hicho?"

"Feni."

"Na hicho kirefu?"

"Kumbukumbu. Jana nilikwambia."

"Niambie tena."

Akamwambia tena, akalipuliza vumbi, na mazungumzo yakatoka kwenye mashine yakaenda kwa mashangazi, kwa harusi yao na mvua yake. Ila akirudi mezani, kioo ni kilekile. Akaanza kukata tamaa.

Binti akaja na gari la kukodi. Nguo za mama yake zilikuwa tayari zimekunjwa begini. Mzee akaiwasha mashine ya sebuleni, akaipima, akaelekea mbele.

"Umeona?" akapaza sauti kutoka mezani. "Imezima! Yenyewe!"

Binti alikuwa amesimama kando ya kabati, akaita kwa nguvu. "Baba, hebu rudi."

Akarudi.

"Sasa nenda tena."

Akaenda.

"Baba! Tazama mkono wako!"

Mzee akatazama. Mkono ulikuwa ukutani, kando ya mlango wa kwendea chumba cha mbele. Sebule ile ina giza hata mchana, na swichi ya taa na ya soketi zimekaa bega kwa bega kwenye kibao kimoja. Sheria ya nyumba ni yake mwenyewe: anayekiacha chumba anazima taa. Binti huyuhuyu aliwahi kurudishwa kutoka barabarani, na sare yake ya shule, aje azime taa. Mkono wa mzee ulipanda ukiwasha zote mbili akiingia, ukashuka ukizizima akienda mbele, na yeye hakuuliza unakwenda wapi.

"Kikulacho ki nguoni mwako," sauti ikanong'ona kutoka chumbani, ikafuatiwa na kicheko cha kukohoa.

Binti akamrudia baba yake maneno hayo kwa sauti, na mzee akaenda mlangoni kwa mkewe. "Ulijua?"

"Mlango u wazi. Nakuona."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Mama!" binti akashika kiuno. "Nimekuja na gari! Ungehama nyumba yako kwa kunyamaza tu?"

Mama akachezea pindo la shuka. "Ikiharibika, anakuja anakaa. Ikipona, atarudi kwa saa zake, na mimi nibaki na kitufe."

Mzee akageuka akatoka, na binti akadhani ameumia. Kisha wakasikia meza ikiburutwa.

"Wewe Nesi, shika upande huu! Umesimama kama mteja."

Wakaiingiza meza chumbani, wakaiweka chini ya dirisha, hatua moja kutoka kitandani. Kompyuta ya mbele ikabaki mbele, kwenye kaunta ya wateja, na kipande cha katoni: MTEJA, BONYEZA. Mzee akabadilisha mistari michache ya programu, maana programu huria hubadilishika, ili sasa kioo cha kando ya kitanda ndicho kigeuke chekundu. Binti akaibandika swichi ya soketi kwa plasta ya hospitali, akaanza kurudisha nguo za mama yake kabatini bila kuambiwa.

Kioo kikawaka chekundu.

"Baba Nesi, unaitwa."

"Asubiri, nimeshika gurudumu la saa."

Mkewe akavuta kibodi, akaandika kwa kidole kimoja, polepole: Karibu. Anakuja.

Jibu likarudi kutoka kaunta: Nani mwenzangu?

Akafikiri kidogo, akaandika: Mwenye nyumba.