Marobota Mazito ya Manyamanyama

Mtaalamu aliliacha gari linanguruma uani saa nzima ili kiyoyozi kisizime, kisha akaingia kiwanda cha kuchambua pamba cha Manyamanyama kufundisha watu kupunguza moshi wa meli.

Makoye alimwangalia viatu. Vyeupe. Mwaka wa ishirini na moja huu yuko kwenye mashine ya kushindilia marobota, na hajaona mwenye viatu vyeupe anayeijua pamba.

Revocatus, ndilo jina la huyo mtaalamu, alieleza kwamba mnunuzi wa Ulaya anataka robota lishindiliwe zaidi. Kontena lijae pamba nyingi, makontena yapungue, meli ichome mafuta kidogo.

"Sawa," Makoye alisema. "Kwa pamba kavu."

"Kwani hii mbichi?"

Wapakiaji wakacheka. Kuanzia Nyasura mpaka Butiama, mkulima huimwagia pamba maji iongezeke uzito kabla ya kuifikisha kwenye mizani. Robota la kawaida hupumua, likakauka njiani. Ukilibana sana, maji hubaki ndani na pamba huchemka kama samadi.

"Inamwagiwaga maji, mtaalamu. Chuoni hawakukwambia?" Makoye aliuliza.

Meneja Hasani akamkata. "Mzee Makoye, wewe shindilia, usaini fomu ya mzigo. Hutaki, mashine nampa msaidizi wako Ngusa."

Yaani marobota yakioza baharini, saini ni ya Makoye, na mwizi ni yeye. Asiposaini, kazi hana. Alishindilia matatu, akasema fomu atasaini siku ya kupakia.

Siku ya tano lori likaja, na Revocatus naye, kupiga picha. Makoye akakata waya wa robota la kwanza.

"Ingiza mkono, baba."

Revocatus aliuingiza mpaka kwenye kiwiko, akauchomoa haraka kama aliyegusa sufuria. Harufu ya pombe iliyochacha ikajaa ghalani.

"Jaribio limefanikiwa," alisema, akijifuta kwa leso. "Tutaongeza kipengele cha joto kwenye ripoti."

Makoye alichukua fomu, akaandika kwa herufi kubwa: PAMBA INA MAJI, IMEOZA. Akasaini, akampa Hasani.

Hasani akamwita Ngusa, akampa fomu nyingine, safi. Ngusa alinusa hewa ya ghala, akarudisha mikono mifukoni.

"Bosi, mimi mwandiko wangu mbaya."

Hasani alisimama na karatasi mbili mkononi. Mwishowe akamwambia dereva ageuze lori arudi bila mzigo, na Makoye ayafungue yale mengine mawili, aanike pamba juani juu ya turubai.

"Na mtaalamu atashika upande mmoja wa turubai," Makoye alisema.