Nyumba Isiyo na Kufuli

"Sasa mama, kufuli liko wapi?"

Bashiri aliuliza akiwa ameushika mlango wa mbele, anaufungua na kuufunga kama mtu anayekagua meno ya mbuzi mnadani. Mlango ulikuwa mpya, wa mninga, bado unanuka maranda. Ndani haukuwa na komeo. Nje haukuwa hata na pete ya kupitishia kufuli.

"Halipo," alisema Mwamina.

"Mmelisahau?"

"Hatukuliweka."

Bashiri alicheka, kicheko cha mtu aliyelala Nachingwea kwa shemeji, akadamka kuja Ruangwa, halafu anaona anafanyiwa mchezo. Mfuko wa nguo za baba yake ulikuwa begani, na hakuutua. Baba mwenyewe, Mzee Yasini, alisimama barazani, kofia kichwani, anaihesabia nguzo makosa yake kwa Kimwera.

"Mama, sisi tunatoka Kilimarondo. Kwetu tembo wanaingia mpaka kwenye mihogo. Mzee huyu akiamka anakwenda kulinda shamba ambalo siku hizi ni pori. Mwezi uliopita tulimkuta amekaa karibu na kinyesi cha tembo, kinafuka moshi. Nikasikia kuna mama alikuwa mkurugenzi wa hospitali, kaacha kazi, kafungua kampuni ya kutunza wazee wanaosahau. Nikasema alhamdulillahi. Lakini kampuni isiyo na kufuli si kampuni. Hiki ni kijiwe."

Dirishani, fundi Kornel aliacha kupiga randa. Kornel ni Mngoni na Mwamina ni Mmwera, watani tangu enzi za mababu. Miaka yote waliyokuwa majirani Nachingwea alimwita "mateka wangu", hata mbele ya wageni kutoka mkoani. Asubuhi hiyo tu alikwishatangaza kwamba mateka wake kafungua hoteli ya mababu na chakula chake kitakuwa uji bila sukari.  Sasa aliinamia ubao, akawa anapuliza maranda ambayo hayakuwepo.

Mwamina angetoa chochote apate utani wake dakika ile.

Jibu alikuwa nalo. Alilisema vizuri katika kila ofisi alikopeleka maombi ya usajili: ua mpana, wahudumu wanaomfuata mzee nyuma, jina na namba ya simu vilivyoshonwa kwenye nguo. Mzee wa siku hiyo alikuwa wa kwanza. Akirudi Kilimarondo, nani angemleta wa pili? Akafungua mdomo alitoe jibu lile. Likatoka jingine.

"Kufuli nilikuwa nalo. Nilimfungia mama yangu."

Mama huyo, Bibi Mwantumu, alitolewa kijijini Marambo akaletwa kwa Mwamina Nachingwea usahaulifu ulipomzidi. Msimu wa korosho ulipoingia, alitoka alfajiri kila siku, akaokota chini ya mikorosho ya watu, akiamini ni yake aliyoipanda na mumewe. Kwanza wakamwita mwizi. Baadaye likaja neno baya kuliko mwizi, la kunong'onezwa: mchawi. Mwamina alilijua jina la ugonjwa. Sentensi moja ingemaliza yote. Lakini mkurugenzi aseme mama yake ameharibikiwa akili? Akatangaza kwamba bibi amerudi Marambo, akanunua kufuli. Kila asubuhi aliacha chupa ya uji, akafunga kwa nje, akaenda kuongoza vikao vya kuwafundisha wauguzi heshima ya mgonjwa.

"Mateka, nyumba yako mbona inagonga?" Kornel aliuliza siku moja juu ya ukuta.

"Panya."

"Panya wa Kimwera! Wana mikono mizito!"

Wakacheka, wote wawili.

Miezi saba. Bibi alifariki mchana, kikao kinaendelea, akiwa ameegemea mlango. Kucha za mkono wa kulia zilikuwa zimekwisha.

Msibani mtani ana ruhusa. Kornel alijifunga khanga ya marehemu, akaingia chumbani, akaufunga mlango, akagonga mara tatu kutoka ndani. "Mwamina mwanangu! Nifungulie, korosho zinaanguka!" Waombolezaji walivunjika mbavu; bibi na korosho zake, nani asiyejua? Mwamina naye alicheka, maana mtani hanuniwi. Alicheka mpaka ushungi ukalowa. Mwezi uliofuata aliandika barua ya kuacha kazi.

Hayo yote alimweleza Bashiri pale mlangoni, amesimama, macho sakafuni.

Bashiri alimgeukia Kornel. "Na wewe ulijua?"

"Nilisikia ukuta miezi saba," alisema Kornel. Sauti yake haikuwa na mateka wala hoteli. "Mdomo wa kumuuliza nilikuwa nao kila siku. Nikangoja msiba."

 Bashiri alihamisha mfuko kutoka bega hili kwenda lile.

"Sisi tunatumia kamba," alisema mwishowe. "Mguuni. Laini, lakini. Ile ya katani hatujawahi."

 Na walipoinua macho, baraza lilikuwa tupu na lango la ua limeachwa wazi.

Mzee Yasini alikuwa ameshafika barabarani, anatembea kwa haraka ya mtu aliyechelewa. Bashiri alitaka kukimbia. Mwamina akamzuia kwa kiganja. Akatoka yeye, mwendo wa kawaida, akamfikia, akaenda naye bega kwa bega. Hakumshika mkono.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wewe wa nani?"

"Wa Mwantumu. Wa Marambo."

Mzee alipunguza mwendo. Akamtazama vizuri, kama anayelitafuta jina hilo mahali alipoliweka.

"Hajambo mama?"

Mwamina aliuweka sawa ushungi wake.

"Nakuuliza, mtoto. Unazurura na wazee barabarani, yeye umemwacha na nani?"

Jua lilikuwa limesimama juu ya vichwa vyao. Mwamina alitembea. Mzee naye alitembea, sikio ameligeuzia kwake, anangoja jibu, hana haraka tena. Nyuma yao kulisikika miguu ya Bashiri kwenye changarawe, na mfuko wa nguo ukimgongagonga mgongoni. Hakukaribia, hakubaki mbali.