Tofali la Mlangoni

Mara ya saba kwenda ofisi ya mipango, nilikuwa nimechoka hata kusalimia. Nataka kujenga nyumba sita tu kule Mraru, za matofali ya udongo ulioshindiliwa kwa mashine, na matangi ya maji ya mvua. Miaka miwili iliyopita waliniambia nilete tofali moja lipimwe. Nikapeleka.

Nehemiah, ofisa wa ramani, hakuinua macho kutoka kwa simu.

"Mama, ombi limekataliwa. Udongo hauhimili mvua."

"Mlilipima lini?"

"Ripoti ndiyo inasema hivyo."

Nilitoka bila kuaga. Pale nje mlangoni nikaliona tofali langu, jina langu likiwa bado ubavuni, limewekwa kuzuia mlango usijifunge. Limenyeshewa misimu minne, limepigwa mateke, limetemewa mate, limebandikwa chingamu. Halijamomonyoka hata pembe moja. Nikaliinua, nikalipangusa kwa ncha ya leso.

Mlango ukajibamiza. Nehemiah akaufungua mbiombio. Sikuwa nimewahi kumwona amesimama.

"Mama, hilo tuachie! La simiti halikumaliza hata mwezi."