Maji ya Bwawa la Ng'ombe

Verlene aliinua trei moja ya miche, mizizi ikabaki majini. Akainua nyingine. Mizizi iliyopaswa kuning'inia chini ya trei ikiwa myeupe ilikuwa ya kahawia, imejaa utelezi, na alipoigusa ilichunika kama ganda la nyanya iliyochemshwa. Banda zima lilinuka uvundo.

"Dewey! Hebu njoo hapa!"

Shemeji yake aliingia na kikombe cha kahawa, anatabasamu. Wiki yote Verlene alikuwa hospitalini Lexington na mumewe, Clovis, aliyefanyiwa upasuaji wa moyo, na Dewey ndiye aliyeachiwa miche ya tumbaku. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Akunje nailoni ya banda jua likiwaka, na maji ambamo trei zinaelea yakipungua, aongeze ya bomba. Ya bomba! Alimwambia hivyo mlangoni, na akarudia tena kwa simu.

"Umetia maji gani humu?"

"Aa, shemeji, hata salamu hakuna? Nimekujazia chapuchapu. Nilileta gari la zimamoto la kikosi chetu cha kujitolea, nikavuta maji pale kwenye bwawa la ng'ombe, fasta tu, kazi imekwisha. Huo mpira wako wa bomba unakojoa kama kizee."

"Bwawa la ng'ombe." Verlene alilirudia polepole, maana hakuamini masikio yake. "Yale matope yamejaa ukungu unaoozesha mizizi, Dewey! Huo ukiingia humu unaogelea kutoka mzizi mmoja hadi mwingine!"

"Lakini baba alimwagilia kwa maji ya bwawa maisha yake yote."

"Baba yenu alipanda kwenye udongo, tena baada ya kuuchoma moto! Hii inaelea, mizizi imo majini usiku na mchana! Nani alikutuma?"

Tabasamu lilimtoka Dewey. Alizitazama trei, kisha akatazama buti zake. "Hakuna mtu. Ni akili yangu tu."

"Akili! Ipo wapi?"

Alimkaripia bila huruma, na alikuwa na haki. Kusia mbegu upya muda ulishapita. Majirani waliokuwa na miche ya ziada walishaigawa. Kentucky ukifika mwezi wa tano huna miche, huna mwaka, na nyumba hii haikuwa na kitu kingine cha kupanda wala cha kuuza. Dewey aliinama ainue trei kwenye kidimbwi kidogo cha pembeni, ambacho bado kilikuwa na maji ya bomba, na Verlene akampiga mkono.

"Na mikono hiyo? Unataka kuniulia na hii iliyobaki?"

Simu ya Verlene ikaita. Ilikuwa Clovis.

"Usimwambie," Dewey alinong'ona. "Shemeji, nakuomba. Daktari kasema asishtuliwe."

"Leo unajificha nyuma ya moyo wake? Mwambie mwenyewe!" Aliipokea, akawasha spika, akamsukumia simu kifuani.

Dewey alifuta mkono kwenye suruali. "Kaka. Miche imeoza. Nilitia maji ya bwawa. Ni kosa langu mimi, nisamehe."

Ikaja sauti nyembamba, ya mtu anayevuta pumzi kwa maumivu.

"Kosa lako vipi? Si mimi niliyekwambia uchote bwawani uliponipigia simu? Nikakwambia usimsumbue Verlene na habari za mpira."

Dewey hakuinua macho. Verlene aliichukua simu kutoka mkononi mwake. Matusi aliyokuwa amemwandalia shemeji yalikuwa bado mdomoni, ya moto, na hasira haikuwa imepungua hata kidogo. Alitaka kupiga kelele. Alitaka sana.

"Verlene? Upo hapo, mpenzi?"

Alifungua mdomo. Nyuma ya sauti ya mumewe mashine ya kupima moyo wake ilikuwa ikilia, ti, ti, ti, naye akayameza matusi, akabaki akiisikiliza.